Alama za Huruma

Mwalimu wangu,

Ko, ko. Hivyo ndivyo kalamu yako nyekundu ilivyogonga dawati langu kila uliporudisha karatasi za baiolojia. Mara mbili, polepole, kwa upande wa kifuniko, kisha ukapita bila neno. Ni kama mwaka tu umepita na tayari nimesahau mengi ya shule ile, hata wimbo wa asubuhi sasa hunipotea katikati, lakini mlio ule mdogo ninao bado. Juzi jirani alibisha mlango wetu kwa vidole viwili, nikakunja uso kabla sijajua ni kwa nini.

Shikamoo. Siwezi kukuandikia bila kukuamkia, hata nikiwa na hasira, na hasira ninayo. Nimesikia umehamia Musoma kwenye kiwanda kingine cha samaki, kwa hiyo hutaisikia sauti yangu ikitetemeka. Afadhali. Barua hii naiacha wazi ili yeyote aisome, maana wapo walimu wengine wenye kalamu kama yako, na wapo wasichana wengine wanaoamini kile inachowaandikia.

Haki yako nikupe kwanza. Uliipenda kazi. Siku uliyotupeleka kwenye mawe ya ufukweni ulikunja suruali hadi magotini, ukaingia majini mwenyewe, ukatuvulia magugumaji na mizizi yake yote, ukayatia kwenye ndoo. Ulikuwa unacheka kama mtoto. Ukatuambia, "Msiniambie mnachokijua. Niambieni mnachokiona." Niliyaandika maneno hayo ndani ya jalada la daftari langu.

Unaikumbuka hadubini? Ilikuwa moja kwa darasa zima, nawe ukapanga foleni: "Wasichana kwanza, jamani, tuwe na adabu." Nikainama, nikaona ngozi ya kitunguu imegeuka mkeka uliosukwa, kila ukindu na ukuta wake. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Niliinuka nikiwa na la kusema, mdomo nimeshaufungua. Wewe ulikuwa umeshageuka.

"Masanja, hebu njoo. Haya, umeona nini?"

Tulitazama kwanza sisi. Walioulizwa walikuwa wavulana.

Masanja ndiye niliyekuwa nasoma naye. Alikuwa anatoka Kisesa, amepanga chumba karibu na kwetu Pasiansi, na jioni tulikaa kwenye kibaraza chetu huku mama akipaka sangara chumvi kwa ajili ya kayabo, samaki wa kukausha. Tulisoma kitabu kimoja, tukaulizana maswali yale yale, na mara nyingi tukakosea makosa yale yale. Hilo ulikuwa hulijui.

Kwenye mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ulituwekea vipande vya kiazi kitamu ndani ya maji ya chumvi. Vililegea, ukauliza kwa nini. Mimi na Masanja tuliandika jibu moja, kwamba chumvi imeingia ndani ya kiazi ikayasukuma maji nje. Siku ya kurudisha karatasi uliishika ya kwake juu, darasa zima likaona.

"Masanja! Chumvi ina mikono?"

Darasa likaanguka kicheko.

"Nakuuliza, mzee. Imesukuma kwa mikono au kwa kichwa, kama ng'ombe wa kwenu?"

"Sijui, mwalimu."

"Hujui, halafu umeandika kwa wino! Simama hapo hapo. Maji yako mengi wapi, ndani ya kiazi au kwenye maji ya chumvi? Fikiri."

Ulimsimamisha mpaka akafika mwenyewe. Ukamchorea ubaoni, akafuta, akachora upya, jasho likimtoka. Kisha ukaja safu ya dirishani tulikokaa wasichana. Ko, ko. Kwenye karatasi yangu, jibu lile lile lilikuwa na alama ya vema, na pembeni umeandika: "Umejitahidi."

Nilikufuata ofisini. Nilidhani umepitiwa. Nilikuwekea mezani karatasi yangu na ya Masanja, nikakuonyesha mahali. Wewe ukacheka, ukanivutia kiti.

"Binti yangu, tangu lini mtu akalalamika kuongezewa?"

"Lakini mwalimu, nimekosa."

"Umekosa kidogo. Masanja nikimbana anakwenda mbele. Wewe nikikubana utavunjika moyo, uache shule, nibaki na lawama. Kwa msichana B hii ni nzuri sana. Kunywa chai."

Nilisimama pale na vema yangu ya uongo mkononi. Nilipohesabu nyuma, karatasi hadi karatasi, sikujua tena lipi nililolipata na lipi nililopewa. Hicho ndicho ulichoniibia, na mpaka leo sina jina la upole la kukiita. Yule anayenyimwa alama hujua kwamba amenyimwa, hupiga kelele, hurudia. Mimi ningeanzia wapi? Kila nilipoweka mguu sikujua kama chini kuna ardhi au kuna huruma yako.

Wiki chache baadaye ukaondoka. Ni miaka hii ya ruksa ya biashara, viwanda vya minofu vinafunguliwa ufukweni kimoja baada ya kingine, navyo vilimtaka mtu aliyesoma viumbe hai asimamie ubora. Sikulaumu kwa hilo. Mshahara wa mwalimu tuliujua sote kwa kuangalia viatu vyako. Ila hakuna aliyekuja nafasi yako, nasi tukaingia mtihani wa taifa tukiwa na kile tu ulichotuachia. Wavulana uliwaachia makosa yao, yameelezwa moja moja. Wasichana ulituachia pongezi.

Kule walikosahihisha hakuna aliyejua kwamba tunateka maji kabla ya shule, atuonee huruma. Masanja alipata B. Mimi D. Rafiki yangu Getruda, uliyekuwa ukimwambia "hongera mama" kila muhula, alipata F, akalia mpaka akapandwa na homa. Unajua nilichokuwa nakitaka. Nilikwambia mwenyewe kidato cha pili, ukanijibu kuwa koti jeupe la daktari litanipendeza. D haimfikishi mtu kwenye koti jeupe.

Ndipo nilipokuja kiwandani kwako. Sikuja kugombana. Nilitaka kukuuliza tu kama nilikuwa na akili au sikuwa nayo, maana ni wewe pekee uliyekuwa unajua alama zangu za kweli. Getruda alikuwepo tayari, umempatia kibarua cha kufungasha, kofia nyeupe imemfunika mpaka nyusi. "Karibu, dada!" akanipigia kelele kupita mashine. "Huku hakuna mtihani!" Akacheka peke yake, kisha akarudi kwenye barafu yake.

Mlinzi aliniruhusu nisimame kwenye pazia la plastiki, nikakuona. Ulikuwa umesimama kwenye meza ya chuma, mbele yako mama mmoja mkataji. Ukainua mnofu mmoja wa sangara hadi kwenye taa.

"Huu hapana. Ona hapa, umeacha mfupa. Ona na hapa, kisu kimepita chini sana, nyama imechanika. Umelalia kisu, mama. Kiinue hivi. Kata mwingine nikuone."

"Sawa, bosi."

"Usiniambie sawa. Kata."

Akakata. Ukamwonyesha tena, akakata tena, hadi ukasema, "Sasa ndiyo." Nilisubiri ko, ko. Haikuja. Nilimwonea wivu mama yule, mwalimu. Nilimwonea wivu kwa sababu alikuwa amekosea na mtu amemwambia.

Ulitoka na mabuti yako meupe, tukasimama nje karibu na rundo la mapanki, vichwa na mifupa vinavyosubiri wachuuzi. Ulifurahi kweli kuniona. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Binti yangu! Matokeo vipi?"

"D, mwalimu."

"Aa, D si haba, kwa..."

"Kwa nani, mwalimu?"

Ulitazama mabuti. Halafu ukasema kwa sauti ya chini kwamba ulikuwa ukituhurumia. "Mnaamka alfajiri, mnateka maji, mnapika, mnalea wadogo zenu, mnafika darasani mmechoka, nami niwaongezee na fimbo ya alama?" Ukasema usiku ulikuwa ukisahihisha karatasi zetu na moyo unakukataza. Nakuamini. Naamini kila neno, na ndiyo maana sijakusamehe. Uliona ndoo kichwani kwangu ukaacha kuona kichwa chenyewe.

Ungeniuliza swali moja tu. "Nyumbani kwenu, samaki akitiwa chumvi, yale maji yanayotiririka chini ya turubai yanatoka wapi?" Nilikuwa nayakanyaga kila jioni! Ningesimama pale darasani, ningetoka jasho kama Masanja, wangenicheka, nami ningefika mwenyewe. Chumvi haikusukuma kitu. Maji yalitoka yenyewe kwenye samaki, yakafuata chumvi kule yaliko machache. Nililijua hili peke yangu, nimeinama na fagio kwenye kibaraza cha mama, baada ya mtihani kupita. Nililia, nikamwambia mama ni moshi.

Kabla sijaondoka uliniambia kuna nafasi kwenye kufungasha, utasema neno. Mama aliposikia alipiga makofi. "Kazi imekuja hadi mlangoni, wewe bado unataka kitabu?" Yeye alijua alama zangu za shule na alijua za taifa, naye kama mimi hakuelewa aamini zipi.

Jibu langu ulilipata kwa Getruda: hapana, na asante. Sijui kama alikueleza kilichofuata.

Nilijiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Masanja alikuwa kwao Kisesa akisubiri kwenda kidato cha tano. Nilimfuata, nikamwomba awe anakuja Jumapili kunisahihisha.

"Nikusahihishe vipi?" akauliza.

"Kama ulivyosahihishwa wewe."

"Utalia."

"Nitalia, halafu nitarudia."

Karatasi ya kwanza aliirudisha imejaa wino, na juu kabisa ameandika: "Daktari, figo inachuja damu, haipiki uji." Nilicheka hadi mama akachungulia. Hakuna pongezi yoyote katika maisha yangu ya shule iliyowahi kunipa furaha ile. Alipokwenda shuleni kwake, niliendelea peke yangu. Niliyaandika majibu leo nikayakemea kesho.

Wiki iliyopita niliufanya mtihani. Matokeo hayajatoka, na sijui watanipa nini watu wasionijua. Lakini swali la moyo nimekosa. Mshipa unaotoka kwenye moyo kwenda mapafuni nimeuita vena, kwa kuwa damu yake haina oksijeni. Nimekumbuka nikiwa nimeshafika getini kwamba ni ateri, maana kinachoangaliwa ni upande mshipa unakoelekea, si damu uliyobeba. Nilisimama palepale barabarani, watu wananipita.

Nimekosa, mwalimu, na najua kwa nini.

Mwanafunzi wako,
wa safu ya dirishani