Hema Moja na Mzee Duncan

Mpenzi Akoth, Mama Moraa,

Salamu zangu zianze na wewe kabla hazijafika kwa mtu mwingine. Hujambo? Moraa je, kile kikohozi kimemwachilia? Na miguu ya Mama, bado inamsumbua akipanda kutoka shamba la chai? Mimi ni mzima, tena nimenenepa, usicheke. Umelalamika kwamba kwenye simu nasema "niko sawa" tu, halafu Moraa anaichukua anionyeshe paka. Basi leo nimekaa chini nikuandikie yote, uyasome hapo kwenye duka la agroveti, kati ya mbegu na dawa za mifugo, wateja wakipungua.

Hapa Uskoti nimeanza kupazoea. Vilima ni kama vya kwetu, ila hakuna aliyepanda kitu. Hakuna chai, hakuna migomba, ni nyasi na kondoo tu. Nilimwuliza mwenzangu mmoja mashamba yote haya yanangoja nini, akacheka hadi akakaa chini. Tunajifunza kuongoza watu porini: kusoma ramani, kupanda miamba kwa kamba, kupiga kasia ziwani, kupika juu ya jiko linaloingia mfukoni. Nilipomweleza Baba kwa simu, akasema, "Kwa hivyo umeenda huko kote kufundishwa kutembea?" Unga wa mahindi nimeupata, nikawapikia wenzangu ugali. Wameula na siagi, Mungu awasamehe.

Lakini kuna jambo sikukwambia, kwa sababu nusura linirudishe nyumbani mikono mitupu. Mpango wetu unaujua: nipate cheti cha kuongoza makundi, nirudi, niwapandishe wanafunzi wa Kisii na Nyamira pale kwenye miamba ya Manga kwa kamba na kofia za usalama. Bila cheti hakuna mwalimu mkuu atakayenipa watoto wa watu. Na mwenye kusema nani amefaulu ni mtu mmoja tu, mwalimu wetu Mzee Duncan. Ni rika la Baba. Hata kukohoa anakohoa kama Baba, mara mbili, halafu anatazama mbali.

Alitupeleka milimani kwa safari ya mtihani. Jioni ya kwanza upepo ukavunja fito za hema langu na kulichana, na mvua nayo ikaanza; wenzangu nao walikuwa na vihema vya mtu mmoja mmoja. Mzee Duncan akafungua zipu ya hema lake, akasogeza mzigo wake, akaniambia, "Ingia, nafasi ipo ya wawili."

Akoth, miguu ilikataa. Wewe umeolewa kwetu ukitokea Homa Bay, lakini hii heshima yetu ya baba na mwana, hii ensoni, umeiona kwa macho yako. Baba hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba yetu. Mvua ikimkuta anasimama ukingoni mwa paa, unampelekea chai hapo hapo, naye anakushukuru huku akitazama migomba. Mimi tangu nitahiriwe sijui chumba chake kina nini. Sasa nilale ubavuni mwa mtu kama huyo, nimwone akivua suruali, naye anisikie nikikoroma? Nikasema, "Asante, Mwalimu, mimi napenda kulala nje." Eti napenda! Nikajifunika turubai kando ya mwamba.

Kulipokucha vidole vilishindwa kufunga kamba za viatu. Mzee Duncan alinipa chai, akangoja niimalize, kisha akanivuta pembeni.

"Mtu anayejiachilia agande kwa ajili ya kiburi, siwezi kumkabidhi watoto," akasema. "Na kama nimekukosea, niambie sasa. La sivyo, tukishuka chini masomo yako yamekwisha."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa juu ya mwamba wowote. Nilikuona wewe na Moraa mkinipokea na begi langu, bila kitu. Nikamweleza. Kiingereza kilikuwa kinanikimbia, lakini nilisema yote, ya baba na mwana, ya mlango, hata ya chai ukingoni mwa paa. Hakucheka. Alifikiri, akauliza, "Kwenu mzee anaweza kulala pamoja na kijana gani?"

"Mjukuu," nikajibu bila kufikiri. Kwani si nililala kitanda kimoja na Sokoro, babu yangu, mpaka nikaenda sekondari? Babu na mjukuu ni watani, hawaoneani haya. Na Sokoro ni huyu huyu ambaye akikuona uani anapaza sauti, "Wee bibi yangu, chai yangu iko wapi? Huyu kijana umemweka wa nini?" na Baba anaondoka kimya kwenda kuangalia ng'ombe asiye na shida yoyote.

Mzee Duncan akakuna ndevu. "Nina wajukuu watatu," akasema. "Wa nne hatanishinda."

Jioni ile niliingia. Nilikaa mlangoni kidogo, nikajipa moyo, nikasema, "Babu, sogea, umejaza hema lote." Nikangoja anikemee. Akanirushia soksi iliyolowa. Anakoroma kama mashine ya kusaga unga ya pale sokoni, lakini nililala usingizi mtamu. Siku iliyofuata ukungu ulifunika mlima wote, nikashika ramani na kuwashusha wenzangu mpaka barabarani, hakuna aliyepotea.

Jumapili akatualika kwake kwa chakula. Mkewe akafungua mlango, mama wa heshima mwenye mvi, nami kwa furaha yangu nikamsalimu kama mjukuu yeyote wa Mkisii: "Mke wangu, leo umenipikia nini?" Wenzangu wakakauka. Mzee Duncan akasema, "Mpe sahani, anadai haki yake." Ilibidi amweleze mambo yetu, naye mama akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Basi, mume wangu, vyombo vyote ni vyako."

Nikaviosha. Mikono ikiwa na povu, Mzee Duncan akaja akasimama karibu yangu, akakohoa mara mbili. "Umefaulu," akasema. "Ila siku nyingine ukiwa na shida, iseme kabla hujalowa." Nililia hapo hapo juu ya sufuria, nikasingizia sabuni.

Nisalimie Mama, na dada yangu Kwamboka wa Keroka, na tajiri wako wa agroveti aliyekupa ruhusa uje kuniaga. Baba mwambie nimefaulu, basi. Mambo ya hema usimgusie. Hayo mpelekee Sokoro peke yake, akuite bibi yake mara moja zaidi na acheke mpaka achoke.

Mbusu Moraa. Nina hamu nawe kuliko ninavyoweza kuandika kwenye karatasi ambayo Mama anaweza kuiokota. Nakuja nyumbani, Akoth. Nakuja na cheti.

Mume wako,
Onchiri