Pilipili Kwenye Mteremko wa Zlatina

Gorna Lipa,
Bulgaria.
4 Oktoba 2022

Mpendwa kaka yangu Ognyan,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani, wewe, wifi yangu Raina na watoto. Tafadhali isome barua hii kwa sauti mezani, maana inawahusu nyote. Je, goti lako limepona, au bado linatabiri mvua? Sisi hatujambo. Mizabibu imezaa vizuri na baridi haijatufikia.

Habari kubwa ni ya Zlatina. Tangu ile ajali iliyomweka kwenye kiti cha magurudumu, mwanangu amesoma hadi akahitimu ukutubi, lakini kila alikoomba kazi alikuta ngazi mlangoni. Mwaka huu halmashauri ilitangaza nafasi ya mkutubi katika maktaba ya nyumba yetu ya utamaduni, ikasisitiza kwamba kila mwenye sifa asailiwe. Ili neno hilo lisibaki hewani, ikajenga mteremko wa saruji kando ya ngazi. Ni mpana, laini, na unatazama kusini.

Hapo ndipo tulipokosea. Unaijua Septemba ya kijijini kwetu: hapana mahali bapa penye jua pasipoanikwa pilipili. Asubuhi ya usaili tulifika na Zlatina kitini mwake, tukaukuta mteremko mwekundu kutoka juu hadi chini, na maofisa wa halmashauri wamesimama mlangoni wakisubiri.

Meya Stamen alimsihi jirani yetu, Bibi Penka, aziondoe pilipili zake. Bibi Penka akamjibu kwamba saruji ile ni mali ya umma, na yeye amekuwa umma tangu meya hajazaliwa. Ofisa mmoja, kwa wema tu, akapendekeza Zlatina abebwe.

Zlatina alikataa, wala hakupandisha sauti. "Nikibebwa leo, kesho atanibeba nani? Nakusubiri, Bibi Penka. Ila hizi za huku chini umezibananisha mno, zitakuozea."

Bibi Penka akakunja mikono ya gauni na kuanza kuzoa. Wanawake wengine wakamfuata, ndoo zikajaa, na meya naye akawa anabeba pilipili kwa kofia. Zlatina akapanda mwenyewe, magurudumu yakiacha mistari myekundu nyuma yake.

Kazi ameipata, kaka.

Ombi lake la kwanza kwa halmashauri lilikuwa meza za kuanikia nyuma ya jengo, kwa matumizi ya kila kaya, nazo ziwe fupi, za kufikiwa na aliyeketi. Zimeletwa. Jumamosi wanawake walipokusanyika kuchoma na kumenya pilipili za kujaza chupani, nilikuwa tayari kusema yale tuliyoyasema miaka yote: Zlatina akae kando, apumzike. Bibi Penka akanitangulia, akamsukumia ndoo na kisu.

"Hii yako, mkutubi. Mshahara wa halmashauri haukutoi kwenye zamu."

Alirudi nyumbani jioni akinuka moshi, vidole vimechubuka, akilalamikia mgongo kama wenzake wote. Katika maisha yangu sijapata kuyafurahia malalamiko kiasi hicho.

Nisalimie Raina na wanangu wote wa hapo. Zlatina anamwamkia mjomba wake, na anasema chupa zako za pilipili safari hii amezijaza mwenyewe, hivyo uje uzichukue. Mungu awape afya na mkate wa kutosha.

Ni mimi dada yako, nikupendaye popote ulipo,
Nedyalka