Kwa Mama, Kuhusu Maua Matatu

Mama yangu mpendwa,

Hadi leo sijaacha kukustaajabia. Niko jikoni hapa Merrylands, nakukumbuka ghafla, nabaki nimeduwaa mpaka wali unaungua.

Ulikuja huku Sydney kwa miezi mitatu tu, unisaidie kulea mtoto mchanga. Korona ikaingia, mipaka ikafungwa, miezi mitatu ikawa mwaka na nusu. Nilidhani utalalamika. Wewe ukaketi na wajukuu, ukimenya viazi na kusimulia hadithi. Nyingi zilikuwa za kwetu Lushoto, ila moja uliipata misheni ulipokuwa msichana, kwa sista wa Kijerumani aliyekufundisha kushona. "Hii ya kwao, ya kale sana," ulisema.

Wanawake watatu waligeuzwa maua kondeni, yakafanana yote. Mmoja aliruhusiwa kulala nyumbani kwake. Kulipokaribia kucha, kabla hajarudi kuwa ua, alimwambia mumewe: njoo asubuhi hii unichume, nitakuwa huru. Mume akaenda, akachuma ua lake bila kukosea. Alilijuaje?

"Umeshindwa? Nipe mji," ulimwambia Neema wangu wa miaka tisa.

"Parramatta!"

"Parramatta imefungwa, polisi wamejaa. Mji uliofungwa niutakie nini?"

Akakupa Melbourne. Nao umefungwa. "Just tell us, Bibi!" alilia, nawe ukacheka mpaka ukashika mbavu. Mila ni mila, bila mji hakuna jibu. Hata mimi, mtu mzima na akili zangu, niliwaza wiki nzima nisipate.

Kisha ugonjwa ukakupata. Ambulensi ikakupeleka hospitali ya Westmead, na kwa siku kumi na moja sikuruhusiwa kukuona. Hofu yangu ilikuwa moja, Mama, naisema wazi: kwamba utakata roho ukidhani umezungukwa na wageni watupu, na mwanao amekutupa. Kiingereza chako kilikuwa "thank you" basi.

Siku ya kumi na mbili walinipigia simu niende, nami nikajua maana yake. Wakanivika joho, glavu, kofia, barakoa, na kioo cha plastiki usoni. Tukasimama watatu kando ya kitanda, wauguzi wawili na mimi, tumefanana kama wenye sare ya harusi. Kabla sijakuita, ukafumbua macho. Macho yako yakatupitia mmoja mmoja, yakarudi, yakapita tena. Nikasema moyoni, basi, hanijui.

Ukainua kidole, ukaninyooshea mimi.

"Wale wana umande," ulisema, sauti ndogo, oksijeni ikivuma puani. "Wewe umetoka nyumbani."

Niligeuka kuwatazama. Wale wauguzi walikuwa zamu tangu asubuhi, na vioo vyao vilijaa matone ya pumzi na jasho. Changu kilikuwa kikavu. Hapo hapo nikaielewa na hadithi: ua lililolala nyumbani halikuangukiwa na umande. Mama! Mapafu yamekwisha, hewa yenyewe ya kupimiwa na mashine, na bado unachambua, unapambanua, unamchuma mwanao kati ya watatu. Nilitamani kuvua viatu. Nimekuwa mwanao miaka arobaini, na nilikuwa sijajua nimezaliwa na mtu wa namna gani.

Ulinishika glavu mpaka saa nane mchana, ukapumzika.

Neema nilimpa jibu siku ya tatu baada ya kuondoka kwako. Alikwenda kukaa kwenye kiti chako na kisu cha viazi, na akamenya vyote.

Watu wema hunipa pole. Jirani yangu Mkongo aliniambia, "Pole dada, kufia mbali na watu yake, ni mubaya sana." Zamani ningelia naye. Sasa namsimulia kidole chako kilivyoinuka, naye huweka mkono mdomoni.

Pumzika, Mama. Nilikuja, na ulijua kwamba nimekuja.

Bintiyo