Salon ya Papa, dirisha la Mama

Jumapili, mwezi wa saba. Asubuhi baridi ya kung'ata masikio, mchana jua, na vumbi kutwa nzima.

Nimeshinda.

Naliandika neno hilo peke yake nilitazame vizuri. Nina chokaa kwenye nywele, kidole gumba kimevimba kwa sababu ya nyundo, mgongo unauma, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilijipenda namna hii.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni Clémence, mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, sasa niko likizo. Naishi na Mama katika nyumba ya matofali aliyoipata Papa, baba yetu, alipokuwa akifanya kazi kwenye reli. Papa ameshatutoka. Kaka yangu mkubwa, ambaye sijawahi kumwita kwa jina lake, ni Yaya tu, kama tunavyomwita mkubwa huku kwetu, anafanya kazi ya kupitisha mizigo ya watu forodhani Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ana nyumba kubwa yenye carreaux, vigae vya sakafuni, hadi jikoni, na sauti ya mtu aliyezoea kubishana na madereva wa malori.

Wiki iliyopita Yaya alipiga simu kusema Jumapili, baada ya misa, atakuja na camionnette, gari la mizigo, kumchukua Mama akaishi kwake. Hakuwa anaomba. Alikuwa anatoa habari.

Nilikasirika hadi nikakata simu bila kuaga. Halafu nikaingia jikoni, nikamkuta Mama ameinamia mbabula, jiko dogo la makaa, mlango umefungwa, shuka mabegani, macho mekundu kwa moshi, anakohoa. Hasira ikaniishia mara moja. Yaya alikuwa anasema kweli. Kipindi hiki cha baridi nyumba yetu ni friji, na Mama alikuwa anakaa kwenye kona ya mkaa kama mtu aliyepewa hifadhi, ilhali nyumba ni yake.

Na sebule je? Sebule ilikuwa na wenyewe.

Wenyewe ni salon. Huku kwetu makochi nayo tunayaita salon, kwa hiyo hapa nitasema sebule nikitaja chumba, na salon nikitaja makochi, tusichanganyane. Salon ya Papa ni ya kitambaa kizito cha velour, chekundu chenye rangi ya divai, mikono minene, migongo mirefu, maua ya kuchongwa kwenye miguu, na juu ya kila kitu vitambaa vyeupe vya krosheti alivyovifuma Mama alipokuwa kijana. Enzi zile mtaa mzima ulikuwa kwenye mashindano ya salon. Mtu asiye na salon kubwa hakuwa mtu. Sasa chukua salon ya bwana mkubwa uiweke kwenye nyumba ya mfanyakazi wa reli! Tulipita kiupande, mgongo ukisugua ukuta. Hatukuikalia. Ilikuwa ya wageni. Na wageni wenyewe, wakiona vile vitambaa vilivyonyooshwa, walikuwa wanasema wamependelea kukaa nje.

Mwezi wa kumi joto likija, velour ilikuwa inanata kwenye mapaja. Mvua ikianza, matope yalikuwa yanaishia kwenye kapeti ambayo haiwezi kutolewa kwa sababu salon imeikalia. Kiangazi vumbi jekundu liliingia ndani ya vitambaa na Mama akawa anafua, anapiga pasi, anarudisha. Majira yalikuwa yanabadilika nje tu. Ndani kwetu palikuwa pamesimama.

Usiku ule wa simu sikufanya kitu. Asubuhi yake nilikuwa nafagia nyuma ya kochi kubwa nikaona mstari mwembamba wa mwanga kwenye ukuta. Nikachungulia. Nyuma ya mgongo wa kochi kuna dirisha.

Najua kwamba kuna dirisha, nimezaliwa humu. Linaonekana ukiwa nje. Lakini salon ililazimika kuutazama mlango, ili mgeni akiingia aione mara moja, basi kochi kubwa likawekwa mgongo kwenye dirisha la mashariki, na dirisha likafungwa, na hakuna aliyelifungua tena. Tumetetemeka miaka yote hiyo tukiwa tumelipa jua kisogo.

Nilikaa chini kwenye vumbi nikacheka peke yangu.

Nikamwambia Mama nataka kuitoa salon. Alikuwa amenipa mgongo, anapepea makaa.

"Bageni bataikala wapi?"

Nikamwambia wageni watakaa, viti vitakuwepo, vyepesi, vya kuhamisha. Akapepea tena.

"Fanya. Lakini ukiiharibisha, njo weye utaenda ku Kasumbalesa." Yaani mimi ndiye nitakayehamia kwa Yaya.

Nilimwita Papa Ramazani, fundi mbao, mzee wa familia ya Maniema ambaye karakana yake iko barabara ya pili kutoka kwetu. Alipoingia alipiga makofi kwa furaha kama amekutana na rafiki, maana salon ile aliitengeneza yeye na marehemu baba yake. Halafu akanitazama kwa huruma.

"Ma Clémence, iyi haikuingiaka na mulango. Tuliifanyiaka umu mu nyumba. Muzima haitatoka."

Nikapima mlango kwa mikono, nikapima kochi, na kweli. Papa, Mungu amlaze pema, aliagiza salon kubwa kuliko mlango wa nyumba yake, na badala ya kupunguza salon akawaleta mafundi ndani. Huyo ndiye Papa kabisa. Nilimpenda upya pale pale, na wakati huo huo nikataka kumfokea.

Basi, kama haitoki nzima, itatoka vipande. Na nilipoona Papa Ramazani anachomoa kitambaa na ndani yake kuna mbao nzito ya mulombwa, nyekundu, safi, haina hata mdudu mmoja, wazo likaja lenyewe. Nikamwambia: usiibebe. Tengeneza humu humu, kwa mbao hii hii, vitu vidogo. Benchi moja ya kukaa chini ya dirisha, viti viwili vyenye mgongo ulionyooka ambavyo Mama anaweza kuinuka bila kushikwa mkono, meza fupi. Kila kitu kipite mlangoni. Hilo ndilo sharti pekee nililompa, na alilirudia kila alipochukua kipimo, akinicheka.

Sponji na velour zilipotupwa uani, jirani akasimama kwenye ua akauliza kama tunahama. Nikamjibu, "Apana, sasa njo tunaingia!" Nilijisikia mtu hatari sana.

Msije mkadhani kila kitu kilikwenda sawa. Rangi ya ukuta niliichanganya mwenyewe, nikitaka manjano laini, ikatoka kama bukari, ugali wetu, iliyolala. Nikapaka chokaa nyeupe juu yake, mara ya kwanza, ya pili, bukari bado inachungulia. Meza ilicheza hadi Papa Ramazani alipokata mguu, ikacheza upande wa pili. Na Mama, siku zote hizo, hakukanyaga sebuleni. Alipita mlangoni akitazama mbele kama anapita mbele ya ofisi ya serikali.

Alhamisi nilimwona anapanga vitenge vyake vizuri, vile vya misa ya sikukuu, ndani ya begi kubwa la bluu. Akalifunga, akalisimamisha nyuma ya mlango wa chumba chake. Sikumwuliza kitu. Nilitoka nikaenda kwenye matembele nyuma ya nyumba nikajifanya napalilia, nikalia.

Niseme ukweli, maana shajara ya uongo haina faida. Sikuwa nampigania Mama peke yake. Naogopa nyumba isiyo na Mama ndani yake. Naogopa kurudi kutoka shule nisisikie mtu anauliza kama nimekula. Na katika kelele zote za Yaya kwenye simu na mimi na nyundo zangu, hakuna aliyemwuliza Mama anataka nini. Yaya hakumwuliza. Mimi pia sikumwuliza, nilikuwa na haraka ya kushinda.

Ijumaa nilianza kuunganisha vile vitambaa vya krosheti viwe pazia. Pazia jepesi la kipindi cha joto, lisiloziba upepo, la kutundika mwezi wa kumi jacaranda zikichanua. Sasa hivi dirisha halihitaji pazia, linahitaji jua tu. Lakini nilitaka Mama ajue vitambaa vyake havikutupwa. Nilikaa kwenye benchi mpya nashona, na nashona vibaya, mimi mkono wangu ni wa chaki. Nikasikia kandambili. Mama amesimama kizingitini.

"Uko naaribisha."

Akaingia. Akanipokonya sindano. Akakaa kwenye kile kiti chenye mgongo ulionyooka, jua la asubuhi likamwangukia magotini, akafumua kila nilichoshona. Hata kupumua nilipumua kwa adabu. Baada ya muda akasogeza kiti kidogo, kwa mkono mmoja, kulifuata jua. Halafu tena. Mbabula kule jikoni ilizimika, na hakuna aliyekwenda kuiwasha.

Jioni hata hivyo begi lilikuwa bado nyuma ya mlango.

Leo sasa.

Tulitoka misani, camionnette ikawa tayari mbele ya nyumba. Yaya aliingia na koti lake la ngozi, akasimama katikati ya sebule, nafasi ambayo zamani hakuna mtu angeweza kusimama. Nilikuwa nimeweka tawi la maua mekundu ya kwenye ua wa jirani ndani ya kopo la maziwa, mezani. Mkeka badala ya kapeti. Dirisha wazi. Alitazama huku na huku kama amekosea mlango, kisha akakaa kwenye benchi, mkabala na kiti cha Mama. Tukala bukari, samaki na matembele. Katikati ya chakula akavua koti kwa sababu ya jua. Nililiona hilo, nikalifurahia kimya kimya.

Alipomaliza kunawa mikono akanigeukia, na ile sauti ya mpakani ikatoka.

"Clémence, salon ya Papa iko wapi? Uliiuzisha? Uliipatia nani?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima, tangu Jumatatu naisema bafuni. Mama akanitangulia, bila hata kuinua macho kwenye krosheti yake.

"Uko naikala pa yulu yake."

Yaya alinyanyuka kama aliyekalia mwiba. Akaitazama benchi aliyokuwa ameikalia. Akainama, akapapasa mguu wake kwa kidole, na pale kwa ndani akalikuta lile ua la kuchongwa, maana Papa Ramazani alikataa kulirandua. Kaka yangu, baba wa watu, mtu anayetisha madereva, akabaki amechuchumaa ameshika mguu wa benchi. Tulipokuwa wadogo alikuwa anajificha chini ya kochi lile nikimtafuta. Akaanza kucheka, na cheko lake likakwama njiani, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

Kisha akakumbuka alichokuja kufanya.

"Bon. Mama, bitu yako iko wapi? Camionnette iko inje."

Safari hii nilijilazimisha. Nikasema, "Yaya, tumwulize kwanza." Nikamgeukia Mama nikamwuliza anataka kuishi wapi. Nilikuwa tayari kusikia lolote. Karibu tayari.

Mama aliweka krosheti mezani. Akasimama mwenyewe, bila mkono wa mtu. Akaenda jikoni, akarudi ameshika ile mbabula ndogo kwa kishikio chake cha chuma, akampa Yaya.

"Peleka iyi kwako. Kule carreaux iko baridi sana. Mi niko na jua."

Yaya akaitazama mbabula, akamtazama Mama.

"Na weye njo utakuya kuniona," Mama akaongeza, akikaa tena. "Fasi ya kuikala iko."

Camionnette kubwa, iliyoletwa kubeba maisha mazima ya mtu, imerudi Kasumbalesa na mbabula moja imefungwa kamba katikati ya karoseri, pale nyuma pa mizigo, inarukaruka. Nilisimama barabarani nikaipungia hadi vumbi likaifunika. Jirani alinikuta nacheza peke yangu na sijutii.

Nilipoingia ndani, begi la bluu lilikuwa juu ya benchi, limefunguliwa, tupu. Vile vitenge vya misa ya sikukuu vimetandikwa kimoja kimoja juu ya mbao, na Mama amesimama anavipima kwa jicho, kichwa upande. Cha kijani kwa baridi hii, amesema, na kile chenye ndege wakati wa mvua, maana hakionyeshi matope. Cha manjano kingoje joto. Akanikabidhi vyote mikononi.

"Shona mito," akasema. "Benchi yangu iko nguvu." Ngumu, anamaanisha.

Sasa viko mapajani mwangu, vinanuka sabuni na lile begi. Mashine ya kushonea nimeshaitia mafuta. Mkono wangu ni wa chaki, najua, na Mama atafumua nusu ya nitakachoshona. Kesho jua likigusa dirisha, naanza na cha kijani.