Sentensi Isiyo na Kosa

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na Mama hajambo. Mimi mzima wa mwili, ila ulimi ndio mgonjwa.

Hapa ugenini kwenye nyumba ya wazee kazi naiweza: kuogesha, kulisha, kugeuza wasiojiweza vitandani. Shida ni kusema. Kiingereza nakielewa, lakini nikitakiwa kujibu nakauka. Msimamizi amenipa mpaka Juni. Nisipochangamka kuongea, ananirudisha kufua mashuka. Wenzangu wananiita Bubu. Anayenivumilia ni mmoja tu, bibi wa kitanda cha dirishani. Namsomea gazeti kwa sauti, na nikikosea anacheka mpaka meno ya bandia yanamponyoka, kisha ananiambia niendelee. Kwake siogopi.

Nifanyeje, Baba? Wewe ndiye uliyenifundisha lugha hii.

Binti yako

20 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo ni wa uzee, tumeshazoeana. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula.

Usiniaibishe. Miaka thelathini na mmoja nimefundisha Kiingereza, na darasani kwangu hakuna aliyefungua mdomo kabla sentensi haijakamilika kichwani. Wewe mwenyewe nilikusimamisha juu ya kiti mpaka uipate. Haraka haraka haina baraka. Panga maneno, yakague, ndipo useme. Bora wakuite Bubu kuliko wakucheke.

Halafu barua yako ina mikato miwili isiyo mahali pake.

Baba yako

11 Mei

Baba,

Shikamoo. Hamjambo huko? Mimi sijambo ya mdomoni tu.

Jumanne asubuhi nilimkuta yule bibi midomo imebadilika rangi, anavuta pumzi kwa shida. Nilikimbia chumba cha wauguzi. Muuguzi mkuu alikuwa anazungumza na daktari. Nikasimama mlangoni nikapanga maneno. Nikayakagua, nikaona nimekosea, nikaanza upya. Waliniona, wakadhani nina shida ndogo ya kusubiri, wakaendelea na yao. Ningepiga kelele neno moja tu, lolote, wangekuja.

Nilipoisema sentensi yangu ilikuwa nzuri, Baba. Haikuwa na kosa hata moja. Tulipofika alikuwa ameshakata roho.

Daktari anasema pengine asingepona. Pengine.

Sikulaumu. Hapana, nadanganya: nakulaumu, ila mwenyewe najilaumu zaidi. Sikungoja Juni. Nimeomba nirudishwe kufua. Huko mashine zinanguruma kutwa, hakuna anayetarajia useme.

Binti yako

30 Agosti

Baba,

Shikamoo. Miezi mitatu na zaidi sijapata jibu, nikadhani umenikasirikia, au unaumwa mnanificha. Jana Mama aliniambia kwenye simu kwamba u mzima. Anasema kila asubuhi, chai ikishanyweka, unakaa mezani, unaniandikia mistari miwili, unaisoma, unachana. Chakula huli vizuri. Akikuuliza unamwambia bado haijakaa sawa.

Haitakaa sawa, Baba. Nimeitafuta hata mimi, sentensi ya kumwambia mtoto wa yule bibi alipokuja kuchukua nguo zake, na sikuipata. Nilimkabidhi mfuko nikainama.

Nitumie barua hizo hizo ulizochana.

Binti yako