Siku ya Tano Bila Unga, Mgeta

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Huku Mgeta ni ukungu na baridi, lakini mimi nimelowa jasho. Leo ni siku ya tano bila kuvuta unga. Asubuhi nilimtoroka mama mdogo, nikapanda lori la kabichi linalokwenda Dar. Kabla halijaondoka, akanifuata na bakuli la njegere. Si unajua alikuwa muuguzi, hakunigombeza.

"Moyo unakwenda mbio?" akauliza.

"Kama ninafukuzwa."

"Hakuna anayekufukuza. Ubongo una dawa yake wenyewe ya kututuliza, ila unga umeufanya uache kuitengeneza. Sasa homoni za hofu zinamwagika bila kizuizi. Ubongo utaanza tena kuitengeneza, lakini si leo."

"Na leo nifanye nini?"

"Leo ule."

Nikala pale pale juu ya kabichi. Ndicho chakula cha kwanza kukaa tumboni tangu nifike. Dereva alipopiga honi, nikashuka. Si ushujaa, dada, nilitaka kuongezewa njegere.

Msalimie mama, mwambie usingizi umeanza kuja. Na redio kaseti yake niliiuza mimi. Mpangaji mliyemshuku ameonewa bure, mwombeni radhi.

Mungu awatunze hapo Mwembesongo.

Mdogo wako,
Shabani