Mlingoti wa Nguzo ya Tembe

Bahi, mwezi wa nne,
mwaka huu ambao reli imefika Dodoma

Mpendwa binamu Yotham,

Hujambo huko Irangi? Mkeo Mwanahawa hajambo, bado anakuvumilia? Watoto, mbuzi, meno yako yaliyobaki? Mimi mzima, ila bega la kushoto haliinuki. Nasema mimi, anaandika na kukuletea Athuman mwuza chumvi. Akichomeka maneno yake, mpige.

Mvua imetuonea. Mbuga yote maji, ng'ambo huoni.

Askari wa Mdachi walikuja kukamata vijana wakachimbe njia ya reli. Mwanangu Sila akakataa. Wakamlaza mbele ya mama yake Dorkasi, wakamtandika kiboko mpaka ngozi ikaachana na nyama, wakamfunga kamba shingoni, wakampeleka kambini ng'ambo. Nikasema huyu simwachi afie kule.

Njia ya miguu inalindwa. Jirani yangu Sostenes ana mtumbwi, nikamwambia tuutie tanga. Mimi si nimebeba pembe hadi Bagamoyo? Vyombo vya pwani nilivikodolea macho vikaona haya. Sostenes akacheka, "Mzee Matonya, kule si ulilala na homa? Uliona nini? Chombo hiki hakiendi!"

Mlingoti wa kwanza tulikata mti mbichi. Upepo ukaukunja, ukanivunja bega. Mti mkavu ulionyooka ulikuwa mmoja tu, nguzo ya kati ya tembe langu. Nikaing'oa. Dari la udongo likaporomoka juu ya vyungu vya Dorkasi, akanikimbiza na mchi. Nguzo tukaichonga tako, tukaipitisha kwenye tundu la ubao uliokatiza mtumbwi, tukaifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Ngozi ilipokauka, hata mimi sikuweza kuitikisa, na nguvu zangu unazijua. Tanga lilikuwa ngozi za mbuzi. Lilinuka, we acha tu!

Tukafika alfajiri. Mlinzi alikuwa anakojoa. Nikampiga kafi la uso, taya likahamia sikioni. Sostenes akakata kamba ya Sila, tukasukuma. Askari wenzake mlinzi wakaamka, risasi zikaanza. Mlingoti ulichanwa, vibanzi vikatuingia machoni, haukuanguka. Sostenes alipigwa shingoni. Damu yake ilinijaa kifuani. Akasema, "Mzee, kumbe kinakwenda." Akafa.

Athuman ananitazama. Hapo sikuongeza kitu, binamu.

Askari wamechoma nyumba zetu zote. Tumo porini. Dorkasi hanisemeshi. Anayenipikia uji ni Anyesi, mjane wa Sostenes, na kila siku ananikorogea mwenyewe.

Nisalimie Mwanahawa na watoto, Mwamvua na Hassani mdogo. Mungu awafiche machoni pa hawa watu.

Huyo kijana aliyebeba chumvi ya Athuman kichwani ndiye Sila. Huku wanamtafuta. Mpe jina la kwenu, mwite mwanao. Ukifurahi kumwona mshike mikono tu, mgongo bado.

Wako akupendaye, na mzuri kuliko wewe,
Matonya